Tambi za Wifi

Mdogo wangu alipooa, mama alikubali kwa mdomo. Ndoa ilifungwa msikitini, mahari ikatajwa, bibi harusi alikuwa ameshasilimu na kupewa jina jipya ambalo alikuwa analirudiarudia kimoyomoyo ili asikosee akiitwa. Mama alijifunga khanga mpya, akapiga vigelegele kama inavyompasa mama wa bwana harusi, kisha akaja kukaa ubavuni kwangu na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Huko kwao wanakula nini?"

Nikamwambia wanakula wali na samaki kama sisi.

"Kama sisi," akarudia, akimtazama bibi harusi aliyekuwa anahangaika na mtandio uliokuwa unamteleza. "Haya. Tutaona."

Wifi yangu ni Mfilipino. Alikuja Dar es Salaam kwa mkataba, kufanya kazi katika chumba cha masaji cha hoteli moja ya ufukweni, na mdogo wangu alikuwa dereva wa hoteli hiyohiyo. Neno masaji tulimficha mama. Tulimwambia ni mtu wa saluni, na baadaye ikawa kweli, maana mkataba ulipokwisha alifungua kibanda cha kucha na nywele pale Maili Moja. Wakahamia vyumba vya uani kwangu, Kibaha. Mimi ni mwajiriwa wa serikali, mume wangu kazi yake iko Dodoma na huja kwa msimu kama embe, watoto wako bweni. Nyumba ilikuwa imepoa mno, nikafurahi kupata watu. Mlango wa jiko lao unatazamana na wa kwangu, katikati kuna karo la kufulia na kamba ya nguo. Kwa hiyo nilichokiona, nilikiona vizuri.

Kwetu tambi ni za sukari. Unazikaanga kidogo mpaka zibadilike rangi, unatia tui, sukari na hiliki, unazipalia makaa juu na chini zikauke taratibu. Ni chakula cha futari, cha Idi, cha mgeni unayemtaka arudi tena. Mama yangu anajulikana mtaani kwake Kisarawe kwa tambi. Ndiyo maana Jumamosi moja asubuhi, nilipokuwa nafua na kumwona wifi analoweka tambi kwenye beseni, nyeupe, nyembamba kama uzi wa cherehani, nilimwambia nina hiliki ndani kama anahitaji.

Akatabasamu. "Hapana, wifi. Hii ya chumvi."

Niliacha kufua nikamtazama. Alikata kabichi vipande vyembamba virefu, karoti kama njiti za kiberiti, maharage machanga kwa mshazari. Kidari cha kuku alikuwa ameshakichemsha, akawa anakichambua kwa vidole, na supu yake ameiweka pembeni kwenye bakuli. Karai likapanda motoni. Mafuta kidogo, vitunguu saumu vingi kupita kiasi, kisha vitunguu maji, kisha kuku, kisha mboga, ngumu kwanza na laini mwisho. Akazitoa mboga zingali zinalia ukizitafuna. Ndipo akamimina supu na sosi nyeusi ya soya, akazitumbukiza zile tambi, akawa anazinyanyua kwa miiko miwili na kuziachia, anazinyanyua na kuziachia, mpaka zikanywa supu yote na karai likabaki kavu. Mboga zikarudi. Ndimu zikakatwa. Mlo wenyewe aliuita pansiti.

Mpaka hapo sikuwa na neno. Lakini kabla ya kuipua aliingia chumbani, akatoka na chupa iliyoviringishwa kitambaa. Akadondoshea kwenye karai matone machache ya maji ya rangi ya chai, na harufu iliyopanda ilikuwa ya soko la samaki wakati wa kufunga. Kisha nikaona midomo yake inacheza. Alikuwa anasema maneno, polepole, kwa lugha yake, ameinamia chakula. Na alipopakua, alijaza sinia kwa ajili yangu na yake, halafu akachukua sahani moja ya peke yake, akapakua kwa kuchagua, huku akipunguza na kuongeza, akaifunika kawa.

"Hii ya mume wangu," akasema.

Nilikula. Siwezi kusema uongo, kilikuwa chakula kitamu. Lakini nilikula nikiitazama ile kawa.

Mama alipopiga simu Ijumaa iliyofuata, kama anavyofanya kila Ijumaa, nilimsimulia bila kukusudia makubwa, kama mtu anavyosimulia kioja. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Na wewe ukala?"

"Nilikula."

"Ladha yake ikoje?"

"Nzuri, mama."

"Ndiyo inavyokuwa," akasema, akaaga.

Kama mambo yangeishia kwenye tambi, mama angechoka kuuliza. Lakini mvua zilipoanza, mdogo wangu akaanza kupungua. Kola za mashati zikaachana na shingo. Mshipi aliutoboa tundu jipya kwa msumari, nikamwona. Zamani alikuwa mtu wa baraza, akitoka kazini anapita kwa wenzake hata saa mbili tatu ndipo arudi. Sasa alirudi moja kwa moja, akinywa maji kama anayezima moto, akalala mapema. Tulipokwenda Kisarawe kumsalimia mama, alikataa chai. Mama alimpikia mandazi ya hiliki na nazi, yale aliyokuwa anayaiba tangu utotoni, akasema ameshiba.

Mama aliiona sahani ya mandazi ikirudi jikoni kama ilivyotoka. "Mwanangu hali tena kwangu," aliniambia wakati naosha vyombo. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Neno lenyewe alilitaja shangazi. Shangazi ni dada wa marehemu baba, anaishi Maneromango kwenye mihogo na mikorosho yake, na barabara ya huko inapoharibika hukaa miezi bila kuonekana. Siku hiyo alikuwepo. Alikuwa ameketi kwenye kigoda anachambua mchicha, akasema bila kuinua kichwa, "Mume anapakuliwa sahani yake, watu wengine yao. Mke ananuia juu ya chungu. Mwanamume anakonda, anatulia, kwao hapataki. Mnataka niwaambie nini tena? Hiyo ni limbwata."

Hakuna mwanamke wa pwani asiyejua limbwata ni nini. Ni dawa anayotiliwa mume kwenye chakula ili awe wa kushikwa mkono na kuongozwa. Mimi nimesoma, nafanya kazi ofisini, nikacheka. Shangazi hakucheka, mama hakucheka, na kicheko changu kikakosa mahali pa kukaa.

"Kaa naye jikoni," mama akaniagiza. "Sema unataka kujifunza. Uone kila kinachoingia."

Basi nikawa mwanafunzi. Jumamosi zangu zikaishia mbele ya karai la wifi. Sikuona taabu, kwa sababu na mimi nilikuwa nataka kujua. Nilikata kabichi, akaniambia nimekata nene. Nilikaanga vitunguu saumu vikaungua, akavimwaga, tukaanza upya. Nilipoona nimezoeleka nikamuuliza kuhusu chupa.

"Maji ya samaki na chumvi," akasema. Akanidondoshea tone kiganjani. "Ukinusa, mbaya. Ukila, nzuri."

Nikalamba. Chumvi tupu, na nyuma yake kitu kama dagaa.

"Sasa mbona unaificha chumbani?"

Akanitazama kidogo. "Siku ya kwanza uliziba pua, wifi."

Lilikuwa jibu. Lakini lilikuwa jibu jepesi mno, na mtu anayekuchunguza akipewa jibu jepesi huzidi kuchunguza. Kuhusu sahani ya peke yake nilimuuliza mara mbili. Mara ya kwanza alisema, "Yeye anapenda mboga." Mara ya pili alijifanya hakusikia, akaenda kuanika khanga iliyokuwa tayari imekauka.

Kuna siku alipika pansiti kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya mdogo wangu. Sufuria ya kulowekea ilikuwa ndogo, tambi zikawa zinachomoza nje, nikazishika nizivunje katikati ziingie. Alinikamata mkono. Hakunishika kwa utani, alinikamata hasa.

"Usikate," akasema. "Hii ndefu ni maisha. Ukikata, unakata maisha."

"Maisha ya nani?"

"Yake."

Alisema hivyo machozi yamemlengalenga, nikaona anakaribia kulia kwa ajili ya tambi. Niliporudi ndani nilikaa kitandani muda mrefu. Mtu wa kawaida halii kwa sababu ya tambi.

Ramadhani ikaingia. Wifi alikuwa anafunga vizuri, daku anaamka mwenyewe, na magharibi tulikuwa tunafuturu pamoja uani, mdogo wangu naye akiwepo. Siku moja umeme ulikatika ofisini tangu asubuhi, tukaruhusiwa kuondoka. Nilifika nyumbani adhuhuri. Mdogo wangu alikuwa na zamu ya jioni siku hiyo, na mlango wao, ambao siku zote huwa wazi, ulikuwa umefungwa. Nilipokaribia karo ili nitawadhe nikasikia mlio ambao katika Ramadhani mtu anautambua upesi kuliko hata adhana. Kijiko kinakwangua sahani.

Nilisimama pale na kopo la maji mkononi. Baada ya muda mlango ukafunguliwa, mdogo wangu akatoka anafuta midomo kwa kiganja.

"Dada," akasema. "Umerudi mapema."

"Umeme umekatika."

"Ahaa." Akapita pembeni yangu kama anayempita polisi. Nyuma yake, kwenye meza, niliiona sahani na ile kawa.

Mdogo wangu ndiye aliyekuwa anatuamsha wote daku alipokuwa na miaka tisa. Huyo ndiye aliyekula adhuhuri akajifungia ndani, na aliyempikia ni mke aliyesilimu juzi. Nilijaribu kufikiri vinginevyo nikashindwa. Ijumaa mama alipopiga simu nilimwambia. Sikupamba, nilisema nilichokisikia na nilichokiona.

"Waje Jumamosi," akasema. "Waje tangu asubuhi. Na yeye aje na tambi zake apike hapahapa kwangu, mbele ya macho yangu. Mwanangu nataka nimwone akifunga."

Nilipowafikishia ujumbe, wifi alimgeukia mumewe na kusema kitu haraka kwa Kiingereza. Mumewe akamjibu kwa Kiswahili ili nami nielewe. "Tutakwenda. Ni mama."

Kisarawe kuna ubaridi wake, hasa ukitokea Kibaha kwenye vumbi na joto la barabara ya Morogoro. Nyumba ya mama iko mteremkoni, na jiko lake ni banda la nyuma lenye mafiga. Tulimkuta shangazi ameshafika tangu jana yake na mzigo wa mihogo. Mdogo wangu asubuhi hiyo alikuwa mchangamfu kupita kawaida. Alipanda juu kurekebisha bati, akamchotea mama maji, akawatania watoto wa jirani. Mama alimfuata kwa macho kila alikokwenda. Adhuhuri akaswali, akajilaza kidogo barazani, akaamka, hakugusa hata tone la maji. Mama akaniangalia kama anayeuliza, sasa wewe uliona nini?

Baada ya alasiri upishi ukaanza. Wifi alichuchumaa mbele ya moto na mtandio ameufunga nyuma ya shingo. Mama alikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi ingawa hakuwa na nazi ya kukuna. Shangazi alisimama mlangoni. Kuku alikuwa amechinjwa na jirani mama akishuhudia. Kabichi ilikatwa mbele yao, karoti zikakatwa, kila kitu kikapita mikononi mwa shangazi kama mizigo inavyopita forodhani. Ilipofika zamu ya chupa, shangazi aliifungua, akanusa, akaiweka mbali na uso.

"Leo tunaacha," wifi akasema kwa adabu.

"Kwa nini uache? Si ndivyo unavyompikia kwako?"

"Basi naweka."

"Sasa nikikwambia ndiyo unaweka."

Wifi alinitazama mimi. Nikaendelea kupanga vipande vya kabichi vilivyokuwa vimeshapangika.

Aliziingiza tambi kwenye supu. Zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kulainika mama aliponituma nikamwambie mdogo wangu alete kuni. Nilimkuta barazani ameketi na mgongo kaegemeza ukutani. Nikamwita, hakugeuka. Nikasogea. Upepo ulikuwa unavuma na mimi nilikuwa nahisi baridi, lakini shati lake lilikuwa limelowa mpaka linamgandia. Mikono ilikuwa inatetemeka juu ya magoti.

"Mama anataka kuni," nikasema.

"Waambie wasogeze gari," akanijibu. Ulimi wake ulikuwa mzito. "Wageni wanasubiri."

Hapakuwa na gari wala mgeni. Nikapiga ukelele wa kuita watu. Wa kwanza kutokea alikuwa wifi. Alipita pembeni yangu kwa mbio ambazo sikujua anazo, miiko bado mkononi, akaitupa, akafungua pochi yake na kutoa kikaratasi kilichokunjwa. Ndani kulikuwa na unga mweupe. Akamshika mumewe taya.

Shangazi alimdaka mkono hewani. "Unamtia nini? Huyu amefunga."

"Sukari," wifi akasema. "Sukari tu. Shangazi, tafadhali."

"Sukari gani inakaa kwenye pochi?"

Walikuwa wanavutana, na ule unga unamwagika kwenye sakafu. Mimi nilikuwa katikati yao, na nakiri sikujua niushike mkono wa nani. Kila nilichokuwa nimekiona Kibaha kilikuwa kinamuunga mkono shangazi.

Mama alikuja taratibu. Alipiga goti mbele ya mwanawe, akamwekea mgongo wa kiganja shingoni, akakiondoa kimelowa, akakitazama. Akamfungua jicho kwa kidole gumba. Akamwita jina lake la utotoni, yeye akamjibu habari za magari.

"Mwachie," mama akamwambia shangazi.

"Lakini amefunga, na jua bado..."

"Nimesema mwachie mkono."

Shangazi akaachia. Mama mwenyewe akamfungua mwanawe mdomo, kwa namna ya mtu ambaye mikono yake imeshafanya kazi hiyo, akachukua kile kikaratasi kwa wifi na kumimina kilichobaki chini ya ulimi. Kisha akaniambia bila kugeuka, "Kopo la sukari, na maji ya uvuguvugu. Kijiko kirefu."

Tulimnywesha. Wifi alimshika kichwa, mama akamshika kidevu, wakawa wanapokezana. Alikuwa bado anameza, Mungu alitusaidia. Muda ulipita, sijui mrefu au mfupi. Jasho likakata. Akatutazama mmoja mmoja kama aliyetoka safari, akatazama jua lilipo.

"Mama," akasema. "Nimefungua?"

Mama alikuwa amegeuka anamtazama mkwewe.

"Tangu lini?" akamuuliza.

"Mama, mimi ndiye niliyemkataza asi..."

"Sikukuuliza wewe."

Wifi akamtazama mumewe, kisha akatazama chini. "Kabla ya mvua, Mama."

Baba yetu alikufa kwa ugonjwa wa sukari. Mimi nilikuwa nimeshaolewa, mdogo wangu yuko shule ya bweni, na mama ndiye aliyemuuguza peke yake katika nyumba ile, kuanzia kidonda cha kidoleni mpaka walipomkata mguu, na baada ya hapo mpaka mwisho. Kuna siku ambazo baba alikuwa anachomwa sindano kisha hali, akawa anatota jasho na kuongea habari za watu waliokwisha kufa. Hayo mama alikuwa hatusimulii. Tuliyaona siku hiyo kwenye mikono yake.

Mdogo wangu alisimulia mengine akiwa amelala kwenye mkeka. Daktari alimpa vidonge na kumwambia asifunge, alipe fidia kwa kulisha masikini. Yeye akaona aibu, akamwapisha mkewe asiseme. Aliogopa kazini wakijua watamtoa kwenye usukani. Zaidi ya hapo alimwogopa mama, alisema, hakutaka aone tena ugonjwa ule ndani ya nyumba yake. Ndiyo maana adhuhuri alikuwa anajifungia kula. Sahani ya peke yake ilikuwa na mboga nyingi, tambi chache na sosi kidogo kabisa, kama alivyoelekezwa mkewe hospitali. Na Jumamosi hiyo, kwa sababu mama alitaka kumwona akifunga, alimeza vidonge vyake daku kama kawaida kisha akafunga kweli.

Mama alisikiliza yote, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango mpaka magharibi.

Jikoni tulikuta tambi zimekunywa supu na kushikana pamoja, chini zimeungua. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kupika upya. Tulifuturu mihogo ya kuchemsha na uji. Shangazi alizikwangua zile tambi akawamwagia kuku wa mama, na asubuhi alitoka mapema kuwaangalia kama wote wazima. Walikuwa wazima. Bado aliwachunguza kinyesi.

Kabla hatujaondoka mama aliniita nyuma ya nyumba, kwenye mgomba anakomwaga maji machafu.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, mama?"

"Kukonda kule. Na maji yale anayokunywa. Niliyaona kwa baba yenu, ningeyasahau vipi?" Alikuwa anaokota majani makavu ya mgomba na kuyaweka pamoja. "Lakini limbwata lina mganga wake. Na lina mtu wa kumlaumu. Lile lingine halina."

Akaniambia nikabebe mihogo, tusichelewe gari.

Wiki zile za mwisho wa Ramadhani tuliishi uani kama watu waliopishana mlangoni. Salamu zilikuwepo, maneno machache. Ni wifi aliyeanza. Nilikuwa saluni kwake Maili Moja, ananipaka hina ya Idi, ameinamia mguu wangu hivyo sikuuona uso wake.

"Nilijua mnaniangalia, wifi," akasema. "Tangu mwanzo. Ndiyo maana napika mlango wazi. Nikasema, acha waone. Wakiona kila kitu, watachoka." Akachovya hina. "Mlango ulifungwa Ramadhani tu. Aliufunga yeye."

Nikamuuliza jambo la kijinga ambalo lilikuwa bado linanikereketa. "Na yale maneno? Uliyokuwa unasema juu ya karai?"

Aliinua kichwa, hakuelewa. Nikamwonyesha kwa midomo. Akacheka mpaka hina ikaniingia kwenye kisigino, akavuta mtandio pembeni na kunionyesha kijiwaya cha simu kilichochomekwa sikioni. "Mama yangu," akasema. "Jumamosi anapiga. Anauliza leo umepika nini, nasema pansiti, anasema ongeza supu. Kila wiki, ongeza supu."

Mdogo wangu alikwenda mwenyewe kuzungumza na mkuu wake kazini. Hawakumfukuza. Walimtoa kwenye usukani kwa muda na kumweka kupanga zamu za madereva, kazi ambayo anailalamikia mpaka leo, lakini mwili umerudi kidogo na barazani anakaa tena. Shangazi amerudi Maneromango. Akija hali kitu cha wifi, hata chai. Anasema limbwata na sukari vinaweza kukaa mwilini mwa mtu mmoja, hakuna aliyethibitisha vinginevyo.

Idi tulikula kwa mama. Alipika tambi zake za tui kwa wageni, na wifi akapika pansiti, bila ile chupa, kwenye karai la mama. Mama alijipakulia kidogo kwenye kisahani cha chai. Alikula akitafuna taratibu, kama anayetafuta mwiba. Alipomaliza hakusifu.

"Ile sukari ya kwenye pochi," akamwambia wifi. "Nani alikufundisha?"

"Baba yangu," wifi akasema. "Na yeye alikuwa nayo."

"Yuko hai?"

"Hapana, Mama."

Mama akajisogeza kwenye mkeka, akapiga kwa kiganja mahali palipopatikana nafasi, na wifi akaenda kukaa. Nilikuwa nakusanya vyombo. Nilipopita tena nilimsikia mama ameinama kumuelekea, anauliza kwa sauti ileile ya chini ambayo naijua tangu utoto.

"Na huyo daktari wenu wa Kibaha. Wewe unamwonaje? Maana vile vidonge, mimi rangi yake siielewi."

"Hata mimi, Mama," wifi akasema. "Mwezi uliopita vilikuwa vyeupe."